Sauti ya mama yule ni ya nani?

Mpenzi msomaji, nakuomba jambo moja. Jumamosi usiku, wakati kelele ya bar inapofika mpaka kitandani mwako, usikasirike kwanza. Sikiliza. Chini kabisa utasikia ngoma inayotembea ndu, ndu, ndu, ndu, bila kuchoka, sawa vile mashini ya kusaga mawe kule kiwandani. Halafu, juu ya ile ngoma, itatokea sauti ya mama. Haisemi maneno mengi. Inapanda, inakatika, inapanda tena, sawa mama anayetoa ushuhuda kanisani na machozi yamemshika. Vijana wetu wengi wanafikiri sauti ile inatoka katika kompyuta. Mtoto wa dada yangu, ambaye anatengeneza muziki ndani ya simu yake, aliniambia: "Mujomba, ile hapana mutu. Ile iko sauti ya programu tu."

Nilimjibu kwamba mara nyingi ni mtu kabisa. Ana jina, ana mama aliyemzaa, ana korali iliyomfundisha. Nataka leo nikuambie habari ya mmoja wao, na ya miaka ile ambayo muziki wa disko ulikuwa unakufa na muziki unaoitwa hausi haujazaliwa bado. Ni kama tangu 1979 mpaka 1984. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tuliucheza katika zile "boum" za Jumamosi mchana, mapazia yamefungwa ili ionekane kama ni usiku. Tulisema ni disko tu. Nani kati yetu aliuliza ni nani anayeimba?

Kwanza ujue disko ilikuwa nini. Ilikuwa kazi ya watu wengi. Kule Philadelphia, Marekani, mpiga ngoma Earl Young, katika wimbo "The Love I Lost" wa Harold Melvin and the Blue Notes, mwaka 1973, aliacha ngoma ya mguu ipige sawasawa, moja mbili tatu ine, na juu yake matoazi yananong'ona. (Matoazi ni shaba na bati, sisi watu wa shaba tuna sehemu yetu katika kila muziki.) Juu ya hapo kulikuwa violini, tarumbeta, gitaa, waimbaji wa nyuma. Wimbo mmoja ulilisha nyumba nyingi.

Na usifikiri hayo ni mambo ya Wamarekani peke yao. Mwaka 1972 Manu Dibango wa Kameruni alitoa "Soul Makossa", upande wa pili wa sahani iliyofanywa kwa ajili ya Kombe la Afrika la mpira. Wapiga sahani wa New York waliipata wakaipiga kila usiku, na mwaka 1973 iliingia katika nyimbo zilizouzwa sana Marekani. Sasa, Dibango huyo, mwanzo wa miaka ya 1960, alikuwa anapiga saksofoni katika African Jazz ya Joseph Kabasele, akakaa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Basi muziki ule ulipita kwetu kabla ya kufika kwao.

Turudi kwa mama yetu. Jina lake ni Loleatta Holloway. Alizaliwa Chicago mwaka 1946. Mama yake alikuwa na korali, Holloway Community Singers, na mtoto aliimbia humo. Alipokua aliimba na The Caravans, kikundi cha nyimbo za injili cha Albertina Walker. Baadaye akaingia katika muziki wa dunia. Wazee wengine wa kanisa hawapendi kusikia habari kama hii, nawaelewa. Lakini sikiliza sahani zake: uimbaji haukubadilika hata kidogo. Anaita, anangoja, anaitikia mwenyewe, anarudia neno moja mpaka linawaka.

Mwaka 1977 mpiga sahani mmoja wa New York, Walter Gibbons, alipewa kanda ya wimbo wake "Hit and Run" ili airefushe kwa watu wa kucheza. Gibbons alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mwaka 1976 ni yeye aliyerefusha "Ten Percent" ya Double Exposure, sahani kubwa ya kwanza ya aina ile kuuzwa madukani. Katika "Hit and Run" alikuta kwamba mwisho wa wimbo, wakati beti zimekwisha na orkestra inaendelea, mama yule alikuwa hajanyamaza. Alikuwa analalamika, anaomba, anapiga kelele, sawa mtu aliyesahau kwamba yuko studio. Gibbons alitupa sehemu kubwa ya beti, akazifanya zile kelele za mwisho ndizo wimbo. Zilitoka dakika 11. Mimi naona hapo ndipo mlango wa hausi ulipofunguliwa kidogo, miaka saba kabla ya wakati wake: ngoma, na sauti ya kanisani inayoita bila kufuata beti. Gibbons mwenyewe baadaye aliokoka, akawa mkali sana juu ya nyimbo anazokubali kupiga. Alikufa mwaka 1994.

Sasa tufike tarehe 12 Julai 1979, Chicago, mji wa mama Holloway. Katika kiwanja cha michezo cha Comiskey Park palikuwa na michezo miwili ya besiboli. Mtangazaji mmoja wa redio, Steve Dahl, ambaye alikuwa amepoteza kazi redio yake ya zamani ilipogeuka kupiga disko, aliwaita watu waje na sahani za disko zipasuliwe. Mwenye kuleta sahani aliingia kwa senti 98. Walikuja watu kama 50,000. Sahani zikatiwa katika sanduku kubwa, wakazilipua na baruti katikati ya kiwanja. Maelfu ya vijana wakaruka uzio, wakachoma, wakang'oa majani. Polisi ikakamata watu 39, na mchezo wa pili haukuchezwa.

Kati ya vijana waliofanya kazi siku ile ya kuwaonyesha watu viti vyao, palikuwa mtoto mweusi wa miaka 15, Vince Lawrence. Alikuwa anakusanya feza ya kununua kinanda cha umeme. Yeye amesimulia mara nyingi kwamba aliangalia zile sahani zilizoletwa, akaona nyingi hazikuwa disko hata kidogo: zilikuwa tu sahani za watu weusi. Shika jina la mtoto huyo, tutamwona tena.

Baada ya siku ile kampuni kubwa za muziki zilikimbia. Neno "disko" likawa aibu. Zile violini na tarumbeta hazikuitwa tena, maana nani atalipa orkestra kwa muziki ambao watu wanasema umekufa? Loleatta Holloway bado alitoa "Love Sensation" mwaka 1980, wimbo ulioandikwa na Dan Hartman, na orkestra yake nzima, na wachezaji wa Marekani waliupenda. Lakini nyimbo za namna ile zilikuwa zinapungua kila mwaka.

Msomaji wa mji wa mgodi hahitaji kuelezwa mengi hapa. Mwezi wa Machi 1980, kule kusini ya Chicago, kiwanda cha chuma cha Wisconsin Steel kilifungwa, watu zaidi ya 3,000 wakarudi nyumbani mikono mitupu. Huo ndio mji ambamo muziki huu ulizaliwa.

Baba yangu alipiga tarumbeta katika fanfare ya kampani. Vyombo vilikuwa vya kampani, manguo ya kampani, hata mafuta ya kulainisha vifungo vya tarumbeta yalitoka kwa kampani. Mishahara ilipoanza kukosa, mwezi huu na mwezi ule, hakuna mtu aliyetangaza kwamba fanfare imekwisha. Siku moja tu hawakuitwa. Nyumba ya vyombo ilifungwa na kufuli, na baba alibaki na kipande cha mdomoni cha tarumbeta, kile kidogo cha kupulizia, kwa sababu kilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa anakipulizia jioni, nje ya nyumba. Kinatoa sauti kama ya bata. Tulicheka, naye alicheka.

Basi watu wa Chicago na New York walifanya nini orkestra ilipokwenda? Walichukua mashini.

Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilianza kuuza mashini ya ngoma inayoitwa TR-808. Bei yake ilikuwa kama dola 1,200. Ni feza nyingi, kweli, lakini mashini nyingine ya mwaka ule, Linn LM-1, iliomba karibu 5,000. Halafu Roland wakatoa TB-303, kisanduku kidogo cha kupiga besi, ili mpiga gitaa aliye peke yake apate mwenzake. Wanamuziki wakubwa walizicheka: ngoma haifanani na ngoma, besi haifanani na besi. Roland wakaacha kuzitengeneza, 808 mwaka 1983, 303 mwaka 1984. Zikaanza kuonekana katika maduka ya vyombo vilivyotumika, bei chini. Na ni fasi ile vijana wasio na kitu walizikuta.

Katika ile miaka ya katikati utasikia mashini inaingia mguu mmoja mmoja. Mwaka 1981, D Train wa New York walitoa "You're the One for Me". Hakuna bendi kubwa. Hubert Eaves III yuko kwenye vinanda vya umeme, na besi nzito inatoka humo, na James Williams anaimba juu yake kwa kifua chote. Sisi tulipoicheza katika boum, mzee wa nyumba aligonga mlango akauliza kama ni ibada. Mwaka 1982, Peech Boys wa Larry Levan walitoa "Don't Make Me Wait", na kuna fasi ndani yake ambapo vyombo vyote vinanyamaza, sauti za watu zinabaki peke yake na makofi.

Mwaka ule ule wa 1982, huko Brooklyn, katika kanisa la First Baptist la mtaa wa Crown Heights, korali iliyoongozwa na mama Phyllis McKoy Joubert ilirekodi wimbo wake "Stand on the Word". Ni wimbo wa kanisa, hauna siri yoyote. Kumbe wapiga sahani wa New York waliuchukua wakaupiga saa za usiku katikati ya nyimbo za mashini, na watu waliimba nao. Levan aliupiga pale Paradise Garage, gereji ya zamani ya magari ambayo haikuuza pombe. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Wengine watasema ni kukosa heshima. Mimi najiuliza ni wangapi kati ya wale wachezaji walikuwa hawajasikia Neno tangu walipotoka nyumbani kwa mama zao.

Chicago nayo ilikuwa na fasi yake. Frankie Knuckles, mtoto wa New York na rafiki wa Levan, alihamia pale mwaka 1977 kupiga sahani katika Warehouse, jengo la zamani la viwanda katika barabara ya South Jefferson. Walicheza tangu Jumamosi usiku mpaka Jumapili mchana. Hapo pia walikunywa maji na jusi, pombe haikuuzwa. Sitaki kukupakia rangi: dawa za kulevya zilipita, na mengine ambayo mzazi hafurahii kuyasikia. Wengi wa wale wachezaji walikuwa vijana weusi, wanaume wanaopenda wanaume wenzao, na wengine walikuwa wamefukuzwa na jamaa zao. Nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu habari hii haieleweki ukiwaondoa.

Sahani mpya zilipopungua, Knuckles alichukua za zamani, akazihamisha kwenye kanda, akakata kanda kwa wembe, akaunga. Sehemu tamu ya sekunde kumi aliifanya dakika nne. Alipohama mwisho wa 1982 na kufungua nyumba yake, Power Plant, aliongeza mashini ya ngoma, TR-909, aliyouziwa na Derrick May, kijana wa Detroit, mji wa motoka. Inasimuliwa kwamba duka moja la sahani la Chicago liliandika juu ya sahani za zamani "kama zinavyopigwa Warehouse", watu wakafupisha, ikabaki "hausi".

Na wa kwanza kuitoa sahani yenyewe? Kijana Jesse Saunders. Alikuwa na sahani moja aliyoipenda kufungulia usiku wake, wezi wakaiiba. Hakuipata nyingine. Basi alikaa nyumbani na 808, 303 na kinanda kidogo cha Korg, akatengeneza yake mwenyewe, "On and On", ikatoka mwaka 1984. Aliyeandika naye ni Vince Lawrence, yule mtoto wa viti wa Comiskey Park. Ukisikiliza leo utasema ni kitu kibovu, na kweli ni kibovu. Ndiyo sababu ilikuwa na nguvu: kila kijana wa Chicago aliisikia akasema, "Ile, hata miye naweza." Miaka miwili tu, 1986, "Love Can't Turn Around" ya Farley "Jackmaster" Funk iliingia katika kumi za kwanza Uingereza, na Januari 1987 "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley ikawa ya kwanza kabisa.

Hapa, msomaji, wengi wanamalizia hadithi kwa kupiga makofi. Mimi naendelea, maana bado sijajibu swali la juu.

Mwaka 1989 kikundi cha Italia, Black Box, kilitoa wimbo "Ride on Time". Ngoma ya mashini, kinanda, na juu yake sauti ya mama inayopanda mpaka dari. Uingereza ulikaa wa kwanza wiki sita, hakuna wimbo uliouzwa kuupita mwaka ule. Katika televisheni alionekana binti mwembamba, mzuri, anafungua mdomo. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Loleatta Holloway, imekatwa vipande kutoka katika "Love Sensation" ya 1980. Hakuombwa. Jina lake halikuandikwa. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya 40, na dunia nzima inacheza na pumzi yake, yeye yuko nyumbani. Wanasheria waliingia, na mwisho palifanyika mapatano ya feza. Mwaka 1991, Marky Mark alipotumia sauti ile ile katika "Good Vibrations", jina la mama liliandikwa, naye alionekana katika filamu ya wimbo. Ukawa wa kwanza Marekani. Alikufa Machi 2011.

Hakuwa peke yake. Larry Heard, aliyefanya "Can You Feel It" mwaka 1986 peke yake na vinanda vyake, na mwimbaji Robert Owens, walishitaki kampuni ya Trax ya Chicago mwaka 2020 juu ya haki na malipo ya nyimbo zao za ujana. Haki za nyimbo ziliwarudia mwaka 2022. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Kwa nini nakuandikia mambo ya Chicago katika gazeti la jamaa? Kwa sababu korali yetu inajiandaa kurekodi, na kuna ugomvi. Wazee wanasema: mashini ya ngoma isiingie kanisani, ni kintu cha bar. Vijana wanasema: wapiga ngoma wanachelewa, mashini haichelewi. Kila kikao tunagombana paka usiku juu ya mashini. Mimi naona tunafunga mlango usiopitiwa na mwizi. Mashini haikumwibia mama Holloway. Ni watu, na ni kwa sababu hapakuwa karatasi yenye nguvu mkononi mwake.

Sisi tunayajua hayo. Miaka kadhaa iliyopita bwana mmoja alikuja na kompyuta na mikro mbili, akarekodi nyimbo nane za korali, akaahidi kuturudishia CD. Hatukumwona tena. Mama moja wa sauti ya kwanza, anayeuza unga sokoni, siku moja alikuwa ndani ya taxi akasikia sauti yake mwenyewe inatoka redioni, juu ya ngoma asiyoijua. Akamwambia dereva, "Ni miye naimba pale." Dereva alimwangalia kwenye kioo, akacheka, akapandisha sauti.

Safari hii mama yule amesema haimbi mpaka aone karatasi. Mtoto wa dada yangu ndiye atakayerekodi, na nilimwambia aiandike yeye, kwa mkono wake, kwa sababu siku moja atakuwa upande wa kukata sauti za watu. Ameandika: jina la kila mwimbaji, nyimbo ngapi, nani anaweza kuziuza, feza inagawanywa namna gani, na kwamba hakuna sauti itakayotolewa na kutiwa katika wimbo mwingine bila mwenyewe kuulizwa. Majina ni 23. Mama alisoma polepole na kidole, akafika kwake, akarudisha karatasi. Walikuwa wameandika jina lake nusu. Anataka lote, lile la ubatizo, la baba yake na la nyumba yake.

Linaandikwa upya wiki hii. Wapiga ngoma nao wameuliza kama mashini itaandikwa katika ile orodha ya majina, na hapo bado hatujapatana.